Siku Niliyomkimbiza Mwenyekiti Nikiwa Nimevaa Televisheni

Ndiyo, ni mimi. Yule mtu aliyeonekana akikatisha soko la Mwanjelwa mchana kweupe, kitenge cha mwanamke mwilini, kilemba kichwani na televisheni shingoni, ni mimi, na sioni faida ya kukana kwa sababu nusu ya mji wa Mbeya ilikuwepo na nusu nyingine imesimuliwa, ila imesimuliwa vibaya. Wapo wanaosema nilianguka mtaroni. Sikuanguka. Wapo wanaosema nililia. Ule ulikuwa unga wa mahindi umeniingia machoni, na tutafika huko. Aibu ni yangu, basi acheni niisimulie mwenyewe.

Mimi ni mtoto wa Kalenga, si mzaliwa wa Mbeya, nimechunga mbuzi wa baba yangu peku, hakuna mjomba aliyenishika mkono wala padri aliyeniombea nafasi, nikasoma mpaka nikafika Ujerumani na kurudi na diploma ya elektroniki (ipo ukutani kwangu, ndani ya fremu, anayebisha aje aisome). Kule niliona vitu viwili vikanikaa kichwani. Cha kwanza ni vichekesho vya televisheni, watu wa ofisi moja wanagombana na kupatana kila wiki, na wewe umekaa sebuleni kwako unacheka kama uliajiriwa nao. Cha pili ni mchezo wa kioo. Kwenye baa zao kulikuwa na sanduku, unatumbukiza sarafu, kidoti cheupe kinatokea kwenye kioo pamoja na vijiti viwili, kila mchezaji anazungusha kitasa chake na kijiti kinapanda na kushuka kukirudisha kidoti kwa mwenzake. Watu wazima wenye ndevu walikuwa wanapigia kelele hicho kidoti!

Niliporudi nyumbani, mwishoni mwa miaka ya sabini, upande wetu huu wa bara haukuwa na kituo cha televisheni hata kimoja. Mwingine angefungua kibanda cha kutengeneza redio akatulia. Kibanda nilifungua, maana mtu lazima ale, lakini kutulia sikutulia. Nikasema kama televisheni haipo, nitaitengeneza.

Nikaitengeneza kwa mbao. Rafiki yangu Mgaya, seremala Mbena aliyejifunzia kazi Mafinga, aliniletea mbao za misonobari tukaunda sanduku kubwa kama chumba kidogo, mbele likiwa na fremu ya mviringo kidogo kwenye pembe kama kioo chenyewe, vitasa viwili vya vifuniko vya makopo ya mafuta, na juu antena ya spoki za baiskeli. Waigizaji wanasimama ndani, watazamaji wanakaa ukumbini, pazia likifunguliwa kipindi kimeanza. Kila Jumamosi alasiri, katika ukumbi wa maendeleo, tulionyesha kipindi kimoja cha kichekesho chetu kiitwacho Karakana ya Michezo ya Kioo, habari za karakana inayotengeneza mchezo wa kidoti na vijiti na kila wiki unaharibika kwa namna mpya. Mimi nilikuwa Meneja. Mgaya alikuwa fundi anayelala kazini, tena halazimiki kuigiza sana. Kidoti kilikuwa soksi iliyojazwa pamba, imening'inizwa kwenye ufito. Na aliyekuwa akiwaua watu kwa kicheko alikuwa Bi Swichi, karani wa karakana, yaani Atupele, dada mmoja wa Kinyakyusa aliyekuwa ananisaidia kuunga nyaya kibandani. Kila kipindi alianza vilevile: anasogea hadi kwenye fremu, anatoa uso nje, anakodoa macho na kusema, "Nawaona mlioko nyumbani!" Kisha anamchagua mtu wa benchi la mbele, anamnyooshea kidole, "Hata wewe nakuona!" Hapo ukumbi ulikuwa unaanguka.

Sasa ukumbi huo ulitakiwa na watu wa mbolea. Msimu ulikuwa unakaribia, magunia ya mbolea ya chumvichumvi hayakuwa na pa kulala, na kamati ya ukumbi ikawa imegawanyika. Nikaenda mwenyewe kwa Mwenyekiti wa kamati, Mzee Mwakajila, nikamwambia, "Ndugu Mwenyekiti, njoo uangalie Jumamosi hii kwa macho yako. Ukicheka, tuache. Usipocheka, lete magunia yako."

Mzee akanitazama chini ya kofia yake ya pama. "Mimi sicheki ovyo, kijana."

"Utacheka," nikamwambia. Sikuwaambia wenzangu, nilitaka iwe zawadi.

Jumamosi ile ukumbi ulijaa mpaka madirishani. Tumo nyuma ya pazia, Atupele kashavaa, anachungulia kwenye tundu kama kawaida yake kuchagua wa kumnyooshea kidole, mara akarudi kinyumenyume kama aliyeona nyoka.

"Gwe! Bwana Diploma! Nani kamkalisha yule mzee mbele?"

"Mimi. Ni Mwenyekiti."

"Ni baba mkwe wangu!"

Nikasema vizuri sana, basi ni ndugu, atatupendelea. Mgaya akaniangalia kwa huruma. Atupele akanieleza haraka haraka huku anafungua kilemba, kwamba kwao mke hamtazami baba wa mumewe na baba wa mumewe hamtazami yeye, wakikutana njiani mmoja anachepuka majanini, tangu ameolewa hajawahi kukaa naye chumba kimoja, na mzee hajui kabisa kwamba mkwewe ndiye Bi Swichi. Nikamwambia kitaalamu kabisa, "Atupele, kwenye televisheni wewe si mtu, ni picha tu."

"Hiyo picha ina macho," akasema. Akatupa kitenge na kilemba juu ya kigingi, akajifunga kanga zake mbili, akatoka kwa mlango wa nyuma.

Huko mbele watu wanapiga makofi na miluzi. Nikaamua palepale: Bi Swichi nitakuwa mimi, maneno yote niliyaandika mwenyewe, na Meneja tutasema amesafiri kikazi. Mwanaume akimtazama mzee hakuna mwiko uliovunjwa. Mpaka hapo sijutii kitu, hata leo mkinipa nafasi nitaamua hivyohivyo.

Kosa lilikuja kwenye nguo. Mgaya alikuwa na gauni la mke wake la akiba, la kijivu, tulilokuwa tunafungia soksi na zana zetu. Nikalipima, nikaonekana kama gunia la viazi, na mimi sikwenda Ulaya nikarudi kuonekana kama gunia la viazi mbele ya kamati. Nikachukua kitenge cha Atupele kwenye kigingi. Kilikuwa kizuri, chekundu na manjano, kina ndege wakubwa wenye mikia mirefu, hakuna mwingine Mbeya nzima aliyekuwa nacho. Masharubu yangu nikayafunika kwa ncha ya kilemba, maana kuyanyoa sikukubali.

Pazia likafunguliwa. Nikasogea kwenye fremu kwa mwendo wa Atupele (niliupatia, hata maadui zangu wanakiri), nikatoa uso nje. Ukumbi ukalipuka: "Atupele! Atupele! Leo kajifunika, kafanyaje?" Nikasikia jina hilo na bado sikushtuka. Nikakodoa macho, nikabana sauti, "Nawaona mlioko nyumbani!" Kisha, kwa kuwa nilitaka kumchekesha mtu mmoja tu katika ukumbi ule, nikanyoosha kidole mpaka karibu kimguse pua. "Hata wewe, baba, uliyekaa mbele na pama, nakuona!"

Mzee Mwakajila hakunitazama mimi. Alitazama ndege. Kumbe kile kitenge alikinunua yeye mwenyewe Tunduma, akampa mkewe akampelekee mkwe alipojifungua mtoto wa kwanza. Akajifunika uso kwa pama, akasimama ghafla, na kwa kuwa alikuwa amekaa ncha ya benchi, wanakamati wenzake aliokuja nao wakaporomokea upande wa pili wote pamoja. Yeye hakugeuka. Akatoka mlangoni mbiombio kama mtu aliyeambiwa nyumba yake inaungua.

Mimi nikaona ukumbi wangu unatoka na yule mzee. Nikapiga kelele, "Ndugu Mwenyekiti, subiri nikueleze!" nikaruka kupita kwenye fremu, ambayo Mgaya alikuwa hajaipigilia misumari yote, ikang'oka ikaja nami, imenikaa mabegani na vitasa vyake na antena yake inachezacheza juu. Sikuwa na muda wa kuivua. Nikatoka hivyohivyo.

Sasa jiwekeni mahali pa mzee yule. Anatembea, anasikia nyayo, anachungulia pembeni ya pama, anaona ndege wekundu wanamfuata. Akaongeza mwendo. Nikaongeza. Akaanza kukimbia, na hapo ndipo nilipojua kwamba wazee wetu wana mbio wanazozificha. Tukaingia sokoni. Wauza ndizi wakasimama. "Jamani, Atupele anamkimbiza mkwe wake!" "Mwe! Kachanganyikiwa!" "Mshikeni, mshikeni asimguse!" Msukuma mmoja wa Usangu aliyeleta ng'ombe wake mnadani akaniachia njia kwa heshima zote, akamuuliza mwenzake, "Yule mama kavaa dirisha kwa nini?"

Wanaouliza kwa nini sikusimama ndiyo nawajibu hapa. Ningesimama, ningevua fremu, ningepotelea vichochoroni na hakuna ambaye angejua ni mimi, uso ulikuwa umefunikwa. Lakini jina lililokuwa linapigiwa kelele soko zima halikuwa langu. Atupele angerudi kwake jioni ile kama mke aliyemkimbiza baba mkwe hadharani, na kwao neno hilo halifutiki kwa kuomba radhi. Kwa hiyo nilikimbia, tena nilikimbia zaidi.

Mzee akaingia kwenye mashine ya kusaga, akaenda kusimama mwisho kabisa, uso ukutani, unga unamwagikia mabegani. Fremu yangu ikagoma mlangoni. Injini inanguruma, watu wamejaa nyuma yangu, unga machoni, nikaita na sisikiki, nikaita tena, nikajaza kifua nikapiga ukelele wa mwisho, na ndipo mwenye mashine naye, kwa kutaka kujua kulikoni, akazima injini.

"MIMI NI MWANAUME!"

Nikavuta kilemba kikatoka. Mzee aligeuka taratibu, mweupe kuanzia pama mpaka viatu.

"Hayo masharubu," akasema akihema, "ni yako?"

"Yangu, Mzee."

"Na kitenge?"

"Cha Atupele. Yeye alipojua upo alikimbia nje kwa heshima yako, hukumwona wala hakukuona. Wote mnisikie! Atupele hajamkimbiza mtu! Ni mimi, mwenye kibanda cha redio, mwenye diploma!"

Mzee akajipangusa unga usoni. "Kwa hiyo nimekimbia masharubu."

Mama mmoja aliyekuwa na debe la mahindi akacheka kwa pua, na baada ya hapo hakuna aliyeweza kujizuia, walicheka mpaka wakashikana, wakanicheka mimi, na kibaya zaidi wakamcheka yeye. Mzee akajikung'uta unga. "Mbolea itaingia Jumatatu," akasema, akanipita mlangoni kwa kuinama chini ya antena.

"Iingie!" nikamjibu. "Sisi tutaonyesha nje!" (Mgaya anasema sauti yangu ilitetemeka. Ni ile fremu ilikuwa inanibana.)

Na mbolea iliingia kweli, ukumbi ukanuka mpaka barabarani. Nilirudi kupitia soko lilelile, siku ileile, kitenge nimekikunja mkononi, nikisalimia kila mtu, "Kamwene," na walionicheka nikawaambia kipindi kijacho ni Jumamosi, uani kwa Mgaya, waje mapema.

Walikuja wengi kuliko ukumbi ulivyowahi kuona, wakakaa juu ya mbao na magogo. Sanduku tulilitengeneza, kitasa kimoja kilipotea moja kwa moja. Tulipokuwa karibu kufungua pazia, watu wakaanza kunong'ona. Mzee Mwakajila alikuwa anaingia uani, kavaa pama yake, kashika kigoda. Hakusalimia mtu. Akapita mpaka mbele kabisa, akakiweka kigoda chini, akakaa akitugeuzia mgongo, uso kaelekeza barabarani.

Atupele alichungulia kwenye tundu. Aliuangalia ule mgongo, akaniangalia mimi.

"Hataniona?"

"Hatakuona," nikasema. Safari hii sikuongeza utaalamu wowote.

Pazia likafunguliwa. Akasogea kwenye fremu akiwa na kitenge chake cha ndege, akatoa uso nje, akakodoa macho. "Nawaona mlioko nyumbani!" Watu wakangoja kidole. Hakumnyooshea mtu. "Nawaona wote, isipokuwa mmoja. Huyo simwoni kabisa, na yeye hanioni, lakini naomba asikimbie, leo mwenye masharubu tumemfungia nyuma!"

Ua wote ulicheka. Mimi sikuwaangalia wao, niliangalia kile kigoda. Mzee hakugeuza hata shingo, alikaa wima kama anangoja basi, ila mabega yalikuwa yanapanda na kushuka, yanapanda na kushuka, mpaka pama ikaanguka chini na hakuiokota.

Ukumbi Mzee hakuturudishia, na sikumwomba. Aliahidi nini? Kwamba hacheki ovyo. Mimi niliahidi atacheka. Basi hesabuni wenyewe nani alishinda. Nilichoapa ni kimoja tu, kwamba nguo ya mtu mwingine sivai tena hata iwe na ndege wazuri namna gani, nitavaa gauni la kijivu na nitafanana na gunia la viazi. Lakini ile fremu ya televisheni ipo, imetundikwa kibandani kwangu karibu na diploma, na ikibidi kukimbia nayo Mwanjelwa nzima kesho asubuhi, naivaa.