Baba Yetu Moja, Taratibu

Wenzangu tuliokulia kambi ya mkonge kule Mwera, bila shaka hamjasahau ile harufu ya mkonge mbichi ukitoka mashineni, ilivyoganda kwenye sare za shule hata zikifuliwa mara mbili. Enzi zetu jikoni hakukuwa na saa. Muhogo wa nazi uliiva ukinukia hadi nyumba ya tatu, maharage yaliiva mama akisema yameiva, na pombe ya Bibi yangu ilipimwa kwa sala ya Baba Yetu.

Nieleze vizuri, maana najua wadogo zetu wa sasa wataona natunga. Babu na Bibi walitoka Njombe kuja kukata mkonge, na Bibi alikuja na namna ya kwao ya kupika komoni, pombe ya unga wa mahindi na kimea cha ulezi. Hakuipika ya kuuza. Aliipika kukiwa na ugeni mkubwa: ubatizo, kipaimara, au wakwe wakija kujitambulisha. Ulezi uliloweshwa, ukafunikwa kwa majani ya mgomba hadi ukachipua, kisha ukaanikwa juu ya mkeka mbele ya nyumba. Hapo ndipo sisi watoto tulipopata kazi ya kuulinda dhidi ya kuku. Tulilinda huku tukicheza rede, kwa hiyo kuku walishiba na sisi tulichapwa. Mawingu yakitokea upande wa baharini, kambi nzima ilisikia sauti ya Bibi: "Kimea! Kimea! Mnataka wageni wanywe maji ya mvua?"

Lakini kazi yetu kubwa ilikuwa siku ya kuchanganya. Bibi alipika uji mzito kwenye sufuria lile kubwa, akauepua, akautuliza kwa mwiko. Kimea hakitiwi kwenye uji wa moto sana, kitakufa, na uji hautageuka mtamu. Na usipokuwepo utamu, hakuna kitakachochacha. Kwa hiyo alichovya kidole na sisi wajukuu tukasimama kwa mstari kusali Baba Yetu. Akichomoa kidole kabla ya Amina, uji bado wa moto. Kikikaa hadi Amina, kimea kinaingia.

Jirani yetu Mwanaidi, mtoto wa mwadhini, alisimama nasi kila mara. Yeye hakuisali, lakini alikuwa ameisikia mno hata akawa ndiye hakimu. Mtu akiruka mstari wa riziki ili tufike kwenye utamu upesi, alipaza sauti: "Bibi, wameruka!" Na Bibi alianza upya, kidole kikiwa chekundu. Baadaye uji ukigeuka togwa, tamu, laini, Bibi alichota kwanza ya kwao Mwanaidi kwenye mtungi uliokuwa haujawahi kuona pombe, akafuata na yetu, halafu akafukuza watoto wote. "Ninyi mwisho wenu hapa. Yanayoendelea ni ya wakubwa."

Mwaka huu dada yangu Neema alipata mchumba wa Korogwe, na wakwe wakaleta habari kwamba wanakuja kujitambulisha. Kwetu pombe ya kuwapokea wakwe lazima ipikwe na binti wa nyumba hiyo. Neema mwenyewe, kwa kuwa ndiye anayeposwa, haruhusiwi, na bega la Bibi halinyanyui tena mwiko. Nikabaki mimi, niliyerudi nyumbani na shahada yangu ya mazingira na kazi bado sijapata, mtu ambaye kabla ya kuvuka barabara huwaza kwanza madereva wote wa Pangani wameamkaje.

Mjomba alicheka hadi akakaa chini. "Huyu? Huyu atauitia uji kikao! Mama, acha nilete kreti za bia, mambo yaishe."

Bibi hakucheka. Alisema, "Zikija kreti leo, zitakuja siku zote. Hakuna atakayeshika huu mwiko tena." Kisha akanigeukia. Huwa ananiita mke mwenzake, kama bibi wote wanavyotania wajukuu wao wa kike. "Mke mwenzangu, utaweza?"

Nilisema nitaweza.

Nililowesha ulezi, nikaufunika, nikaamka mara kwa mara kuuchungulia kama mtoto mchanga. Nilipouanika sikucheza rede wala sikushika simu. Nilikaa na fimbo, kuku wa jirani wakanichukia. Bibi aliniambia nisage wote. Nilisaga, lakini moyo haukutulia. Je, mvua ikinyesha? Je, sufuria likipinduka? Je, mbuzi? Nikajaza sehemu yake kwenye kopo tupu la maziwa ya unga, nikalificha juu ya kabati. Sikumwambia mtu, maana ningechekwa.

Siku ya kuchanganya nilipika uji asubuhi, nikauepua, nikachovya kidole, nikasali. Kidole kilikaa hadi Amina. Nikamimina kimea nikikoroga kwa furaha.

Mchana nilifunua sufuria. Uji ulikuwa vilevile, mzito kama nilivyouacha. Nikaonja. Hakuna utamu hata wa kudanganya ulimi. Bibi alikuja akichechemea, akalamba kidogo kwenye kiganja.

"Umekichoma kimea," alisema.

"Bibi, nilisali hadi Amina!"

"Hebu sali niisikie."

Nikasali. Mwanaidi, ambaye sasa ni mama wa watoto wawili, alikuwa amefika mlangoni na jagi la kuchotea togwa ya wanawe. Alisikiliza, akashika mlango kwa kicheko. "Wallahi hakuruka hata neno, Bibi. Ila hajavuta pumzi! Hiyo ni sala ya mtu anayekimbizwa na mbwa."

Bibi naye akacheka, lakini kicheko kilikatika. Ulezi mwingine usingechipua na kukauka kabla ya wakwe kufika. Mjomba, akiwa uani, alikwisha toa simu. "Sasa niagize?" Bibi aliutazama ule mwiko uliolala juu ya sufuria, akaanza kuufuta kwa khanga polepole, kama mtu anayefuta kitu akakiweke.

Nikakimbilia ndani, nikashusha kopo.

"Hiki ni nini?" Bibi aliuliza.

"Kimea, Bibi. Nilikiweka kando. Niliogopa mbuzi."

"Mbuzi wa nani? Hapa hatuna mbuzi."

"Ndiyo, lakini je, angekuja?"

Bibi alinitazama, kisha akamwambia Mjomba bila kugeuka, "Weka simu mfukoni. Mke mwenzangu huyu ana akili ya kuogopa."

Safari hii uji ulikwisha poa mno, tukaurudisha jikoni upate moto kidogo. Nikachovya kidole. Mwanaidi akasimama pembeni palepale alipokuwa akisimama zamani. Nikasali taratibu, kila mstari na pumzi yake, kama tulivyosali tulipokuwa mstari mmoja na Bibi anatuongoza. Kidole kiliuma kidogo, kikavumilia. Amina. Nikamimina kimea cha kopo.

Jua lilipoanza kuinama, mwiko ukawa mwepesi mkononi. Uji ulikuwa umelegea. Nikaonja, na utoto wangu wote ukanirudia mdomoni. Mwanaidi alijaza jagi lake, na iliyobaki ikaachwa ichache, iwe ya wakubwa.

Wakwe walipofika, shikamoo zikaenda na kurudi, wakakaa. Kwetu mpishi huonja kwanza mbele ya wageni, wajue wako salama. Mzee wao alimgeukia Bibi kumpa heshima hiyo. Bibi alichota kata moja, mapovu yakipanda, akanipa mimi.

"Aliyepika ni huyu," alisema. "Mimi leo ni mgeni kama ninyi."

Nilikunywa wakinitazama wote, na kwa mara ya kwanza tangu nimalize chuo sikuwaza lolote. Mjomba alikunywa kata tatu, akasahau alivyocheka.

Sasa wadogo zangu wananiomba niwafundishe. Wanakaa na simu mkononi, wameandaa saa ya kuhesabu, wananiuliza, "Dada, uji unapoa dakika ngapi?" Enzi zetu tungesimama mstari tu, na hakimu wetu akatega sikio. Sijui ni dakika ngapi. Ninachojua ni Baba Yetu moja, taratibu, na ndivyo ninavyowaambia: wekeni hizo simu, chovyeni kidole.