Mfalme Aliyeitikia Pole

Mimi ni karani wa bandarini Kilindini, mtu wa bara, na nina kiburi. Mke wangu atakuapia. Mwaka jana nilipewa kuigiza mfalme katika mchezo wa kale uliochezwa alasiri moja uani mwa Ngome ya Yesu. Mfalme huyo hakubali kuonywa na yeyote, mpaka kiburi kinamwangusha na anakufa peke yake. Kwa miezi mitatu nilijifunza kufa.

Siku ilipofika nilianguka vizuri mno. Basi bibi mmoja wa Mji wa Kale, aliyekaa mbele kabisa na buibui lake, akaniambia kwa uchungu wa kweli: "Pole, babangu!"

Huku pwani pole haiachwi hewani. Nami, maiti, nikaitikia: "Nishapoa."

Watu walicheka hadi kuta zikavuma. Nilitoka nje nimefura kwa hasira, nikamkuta bibi yule langoni. Nikamwambia ameniharibia kifo changu. Hakutishika hata kidogo.

"Mwanangu," akasema, "yule mfalme lau angejua kuitikia pole, angeanguka?"

Nikashika njia. Nyumbani, mke wangu alinifungulia mlango. Tulikuwa tumenuniana siku ya tatu, na kosa lilikuwa langu. Akalitazama taji la karatasi nililosahau kulivua.

"Pole na kazi," akasema.

Nikalivua.

"Nishapoa."