Mchungaji alisema mpinzani wangu hatainuka, na mpaka leo hajainuka

Admin, naomba unifichie jina langu na la kanisa, maana wapo waumini wenzangu wanaoufuatilia ukurasa huu.

Mie ni dada wa miaka ishirini na saba, naishi Kiwalani na mama yangu, kazi yangu ni ngumi za kulipwa. Baba alipofariki mama aliokoka, na mie nikamfuata, tukawa tunasali kanisa moja huko Kimara. Wakati huo watu walinisema sana, eti mwanamke aliyeokoka anapandaje ulingoni na bukta mbele ya wanaume. Mchungaji ndiye pekee aliyenitetea. Alisimama madhabahuni akasema, "Daudi alikuwa mpiganaji na Mungu alimpenda. Mwacheni binti afanye kazi yake." Nililia siku ile. Tangu hapo kila nikikaribia pambano nampelekea glovu zangu anaziombea, anatuombea mie na mpinzani wangu tutoke salama wote wawili. Kwa hiyo msinione mjinga, nilikuwa na sababu ya kumwamini.

Mambo yalibadilika nilipoanza kuonekana kwenye tivii. Watu wakaanza kujaa kanisani, wengine wanakuja kumwona "bondia wa mchungaji". Maombi ya kutoka salama wote wawili yakaisha kimyakimya.

Ndipo likaja pambano na dada mmoja wa Mbagala, nimwite Z. Jumapili kabla ya pambano mchungaji akaniita mbele, akazipaka glovu zangu mafuta, akazinyanyua juu. "Nimeoneshwa! Huyo binti ataanguka, na hatainuka!" Kanisa zima likalipuka kwa amina. Ibada ilipoisha nikamfuata. "Baba, mie nataka kushinda tu. Yule naye ana mama yake." Akacheka, akanishika bega. "Unaogopa ushindi wako mwenyewe?"

Jamani, mie ngumi zangu nazijua. Iliyomwangusha Z haikuwa nzito, ilikuwa ya kumsogeza tu. Alishuka taratibu kama mtu anayekaa chini kupumzika, kisha akalala, macho wazi. Mwamuzi alianza kuhesabu, hakumaliza, akaita madaktari. Nyuma yangu vijana wa kanisani walikuwa wanaimba mapambio.

Z alipasuliwa kichwa kwa sababu damu ilivilia kwenye ubongo. Hajazinduka. Jumapili iliyofuata mchungaji aliweka video kwenye skrini kubwa, akairudia pale anapoanguka, watu wakipiga makofi. Mama yangu alikuwa anacheza, leso mkononi. Nikapewa maiki nitoe ushuhuda, sauti haikutoka. Mchungaji akaichukua akasema nimezidiwa na furaha.

Nilienda hospitali na kocha wangu. Mama yake Z alikuwa amekaa nje ya wodi, kavaa baibui, tasbihi mkononi.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ndiye wewe?"

Nikapiga magoti. Akaninyanyua, akaniketisha pembeni yake. "Ile ni kazi yenu, mwanangu, mie sina kinyongo na wewe. Nisaidie kumuombea. Mie naomba kwa dini yangu, na wewe omba kwa yako." Nikafumba macho, nikatafuta hata neno moja, nikakosa. Kisha akaniuliza kwa upole, "Naambiwa kuna video, mchungaji wako anasema mwanangu hatainuka. Mie nina simu ya kitochi, sijaiona. Ni kweli alisema?"

Nikamjibu, "Sijui, mama."

Tukiwa tunatoka kocha akaniambia kumbe Z alikuwa analalamika kichwa tangu mazoezini, na watu wake walinyamaza wakiogopa pambano litafutwa. Nikarudi nyumbani nikamweleza mama, alikuwa anachambua mchicha. Hata hakuinua uso. "Mbona mie nililijua hilo. Jirani yetu hapo, binti yake anafanya mazoezi na Z, ndiye aliyeniambia. Nikamwambia mchungaji amuombee."

"Ulimwambia lini, mama?"

"Kabla ya ile Jumapili aliyokuombea."

Kisha mikono yake ikasimama kwenye ungo.

Nilimfuata mchungaji ofisini kwake. Nikamuuliza kama alijua Z ni mgonjwa. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniogopesha. Aliniuliza, "Aliyerusha ngumi ni mie au ni wewe?" Akanifungulia mlango, akasema kwa sauti ya chini, "Binti, ukitoka chini ya maombi yangu, sijui nani atakukinga wewe."

Sasa nimeshasaini pambano jingine, na dada wa Pugu anayelea mtoto wake peke yake. Jumapili hii mchungaji ametangaza nilete glovu, kuna jambo ataoneshwa. Nikisema hadharani ninachokijua, nitamvua nguo mama yangu mbele ya kanisa zima, na yeye hana watu wengine hapa mjini. Nikinyamaza, nitapandaje ulingoni? Kusali nashindwa. Nikipiga magoti naona yale macho ya Z.

Leo asubuhi mama kaniletea chai. Akasimama mlangoni, akauliza kama mtu anayeuliza habari za kawaida, "Huyo mwenzio wa Pugu, yeye haumwi popote?"

Nikamwambia, "Nani anataka kujua, mama?"

Alitoka, na nikamsikia uani anaongea na simu.

Nyie ndugu zangu mnaosoma hapa, Wakristo kwa Waislamu, matusi yenu nitayavumilia, ila niambieni: mngekuwa mie, Jumapili mngefanya nini?