Nilikubali njia ya getini ipigwe niru ing'ae siku ya ng'ombe wa mahari

Wakuu, habari za humu ndani. Vijana mtakaonipa shikamoo, marahaba, nimeipokea mapema.

Mimi ni mzee wa Geita, msomaji wa siku nyingi humu, mwandishi wa leo tu. Nitakayoandika yamenitokea mimi na nyumba yangu. Sijaongeza kitu, na palipo na kosa langu nitalitaja kuwa ni langu.

Siku mdogo wangu Masalu aliposema njia ya getini ipigwe niru, nilitakiwa kusema hapana. Nikasema sawa.

Nieleze kidogo. Nyumba yangu iko mlimani. Kutoka getini hadi barazani ni mteremko mkali, hatua kama arobaini, na hakuna njia nyingine. Huku mwamba, huku ukuta wa jirani. Miaka yote tulipanda kwenye udongo na mawe, tukichafuka.

Binti yetu wa kwanza, Kabula, akapata mchumba wa Kagongwa anaitwa Maganga. Sisi Wasukuma mahari ni ng'ombe, na ng'ombe wanafika nyumbani kwa miguu yao, watu wanaona. Nikaona aibu wakwe wapande kwenye matope. Nikamwita fundi Shija amwage zege.

Shija alimwaga vizuri. Zege likiwa bado bichi akapitisha ufagio mgumu juu yake, likabaki na michirizi kama shamba lililopigwa haro. Mchana ule Masalu akafika kutoka Shinyanga mjini, amevaa koti. Alisimama juu barazani, akaangalia, akaniuliza kama natengeneza josho la kuogeshea ng'ombe.

Akasema wageni wanakuja, watu watapiga picha, pigeni niru hapo ing'ae.

Kwa asiyejua, niru ni ule umaliziaji wa saruji tupu unaosuguliwa kwa mwiko wa chuma mpaka sakafu inateleza kama sahani. Sebuleni ni nzuri sana.

Shija aliweka ufagio chini. Aliniambia mimi, hakumwambia Masalu:

"Mzee, hapa si sebuleni. Mvua ikinyesha hapa atateleza hata mbuzi."

Masalu akacheka, akamwambia fundi kwamba mbuzi si wageni rasmi. Na mimi nikacheka. Nikamwambia Shija, piga niru.

Akapiga. Na kweli iling'aa. Mke wangu, Mama Kabula, alipoiona alivua viatu kuipanda, asije akaichafua.

Siku ya mahari mvua ilinyesha asubuhi, ikabaki manyunyu. Fuso ilisimama chini barabarani, ng'ombe wakashushwa, wakaingia getini wakiswagwa. Mama Kabula alikuwa ameshuka getini kumpokea mama mkwe wa Kabula. Kwetu mgeni wa namna ile husubiriwa barazani, ila yeye hakungoja. Akawa nyuma ya ng'ombe, amemshika mgeni mkono, akina mama wanapiga vigelegele.

Mimi nilikuwa juu na Masalu, tumevaa makoti.

Ng'ombe wanne wa kwanza walipanda kwa shida, kwato zinagonga na kuteleza. Wa tano alikuwa mtamba mweupe, mzuri kuliko wote. Alifika katikati, miguu ya nyuma ikatawanyika, akalala ubavu. Halafu akaanza kushuka. Hakupiga kelele. Aliteleza tu, kama gunia la pamba likishushwa kwenye lori.

Mama Kabula alimsukuma mgeni pembeni. Yeye mwenyewe hakuwahi kukwepa. Ng'ombe alimbana kwenye nguzo ya geti.

Iliyovunjika ilikuwa nyonga. Hospitali ya rufaa walimwekea chuma, wakatuambia atatembea kwa gongo, polepole, mahali pa tambarare.

Hapo ndipo nilipoanza kuiangalia ile njia kwa macho mengine. Kila siku ya kliniki wanaume wanne walimshusha kwenye kiti cha plastiki, wakampandisha tena, wakiteleza, na yeye amefumba macho. Baada ya mwezi Kabula, akiwa ameshaolewa, alikuja akamchukua, wakaenda Kagongwa. Nchi ya kule ni bapa. Tukakubaliana ni wiki chache tu, mpaka nitengeneze njia.

Sasa hapa wasio Wasukuma wanielewe. Mama mkwe na mkwe wake wa kiume kwetu wanaheshimiana kwa kukwepana. Hawakai sebule moja, hawali pamoja. Mke wangu alikwenda kuuguzwa ndani ya nyumba ya mkwewe. Maganga ni kijana mwenye adabu. Akisikia gongo linagonga sakafuni, anatoka kwa mlango wa jikoni na kusimama uani, hata kama alikuwa anakula. Naye mke wangu, akijua hivyo, akawa hatoki chumbani.

Alikuwa akinipigia simu na kuniuliza:

"Baba Kabula, njia imeisha? Nimechoka kumfukuza mtoto wa watu kwenye meza yake."

Wakuu, dawa niliijua. Ilikuwa ni kumwita Shija. Sikumwita. Sikutaka asimame pale pale na mimi nimesimama pale pale, halafu asiseme kitu. Mtu mzima anaweza kuogopa jambo dogo kiasi hicho.

Nikajifanya fundi. Muuza rangi dukani aliniambia nichanganye rangi ya sakafu na mchanga mnene, ule wa chenga. Mimi nina jirani mwenye makarasha, zile mashine za kusagia mawe, ana marundo ya marudio, yaani ule mchanga wa mawe ya dhahabu uliokwisha kusagwa na kuoshwa. Nikaona ni mchanga ule ule, tena uko jirani. Marudio ni laini kama unga wa muhogo. Nikachanganya, nikapaka njia yote rangi ya kijivu.

Ikakauka. Nikapanda na kushuka kwa viatu. Safi. Sikumwaga hata kopo moja la maji kujaribu.

Nikampigia simu Mama Kabula. Nikamwambia imeisha, haitelezi, njoo nyumbani.

Alikuja siku ya pili yake, amevaa kitenge kipya. Manyunyu yalianza bajaji ikiwa inaingia mtaani. Nilimshika mkono wa kushoto, gongo liko kulia. Nadhani tulikwenda hatua kumi. Gongo lilikwenda lenyewe, na sisi tukalifuata. Nilimkinga, akaniangukia mimi, hakuvunjika. Tulikaa pale chini wawili kwenye maji, tumeshikana, tunaogopa kusogea.

Hakulia. Alipapasa ile rangi kwa kiganja, akaniangalia.

Majirani walimbeba wakampandisha. Asubuhi aliomba wambebe wamshushe. Akarudi Kagongwa.

Ndipo nikamwita Shija.

Alikuja, akavua kofia, akaitembelea njia juu mpaka chini. Nilikuwa nimejiandaa kwa maneno. Alisema hivi:

"Nilipaswa kukukatalia siku ile, mzee. Mwiko ulikuwa mkononi mwangu."

Nikamwambia mwiko ulikuwa wake ila mdomo ulikuwa wangu. Akavaa kofia, akaanza kazi.

Kwa wenye nyumba za mlimani, alichofanya ni hiki. Kwanza alishughulika na maji kabla ya zege. Bomba la bati langu lilikuwa linamwaga maji ya paa lote juu ya njia, na mimi sikuwahi kulifikiria. Akachimba mfereji wa kukatiza pale juu, akaweka wavu wa nondo, maji yakapelekwa pembeni.

Halafu akabandua rangi na niru yote kwa tindo mpaka kokoto zikaonekana. Akakata mifereji midogo kwa grenda, kina cha kama unene wa penseli, imelala mshazari kama mifupa ya samaki, ili maji yakimbilie kando na soli ipate pa kushika. Michirizi ya zege lazima ikatize mteremko. Ikifuata mteremko inakuwa njia ya maji tu.

Upande wa ukuta akatenga njia ya miguu, ngazi fupi fupi, na bomba la chuma la kushikia lililofika hadi chini getini. Na kila masika sugueni ukungu wa kijani kwa brashi ngumu na sabuni ya unga, maana hata zege zuri likiota ukungu linateleza.

Safari hii nilijaribu kwa maji. Nilijaribu kwa mafuta ya kupikia. Nilijaribu nikiwa nimevaa ndala zilizoisha. Haitelezi.

Nilimbembeleza Mama Kabula miezi miwili ndipo akakubali kuja kuangalia. Kabula alimleta. Bajaji ilisimama getini, akabaki amekaa ndani.

Nilikuwa nimepanga ndoo sita pale juu. Nikazimwaga moja moja, maji yakashuka mpaka kwenye tairi la bajaji. Nikavaa zile ndala, nikashuka mbele yake. Nikapanda. Nikashuka tena bila kushika bomba. Mzee wa umri wangu, majirani wamejaa wanaangalia, dereva wa bajaji amezima injini.

Nikamwambia, umeona, Mama Kabula.

Akasema:

"Naona, Baba Kabula. Imekuwa nzuri. Hata ile nyingine uliniambia hivyo hivyo."

Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa, kama ananiambia chumvi imeisha. Akamgusa dereva begani, akamwomba ageuze.

Maganga amemjengea chumba uani, kina mlango wake, ili kila mtu akae kwa heshima. Mimi baba mkwe sina ruhusa ya kulala kule. Naenda kwa basi asubuhi, tunakaa kibarazani kwake, ananipikia chai, jioni narudi.

Wakuu, nilichojifunza ni kwamba fundi akiweka kifaa chini kukuonya, usimwangalie ndugu yako aliyevaa koti. Na ukikosea, mwite yule yule uliyembishia, mwite mapema.

Mwenye mteremko kama wangu aulize hapa, nitamjibu kwa ninachojua. Mwenye la kunilaumu pia aandike, nitasoma.

Kusema sawa siku ile kulinigharimu mke wangu. Yuko hai, anaishi Kagongwa, na nyumbani kwetu hatarudi.