Siku Niliyonyamaza Makaburini

Nakumbuka siku moja, ningali kijana mwenye haya, baba alinichukua kwenda kuuza tumbaku Urambo. Nilikuwa nimemaliza darasa la saba, kwa hiyo kazi yangu ilikuwa kumsomea mzani. Mnunuzi akataja kilo pungufu. Niliona, nikanyamaza. Njiani baba hakunipiga. Alisema tu, "Mdomo uliofumbwa hauingiwi na nzi, lakini hauingiwi na ugali pia." Mwanangu, nilicheka. Nilidhani ni mzaha wa mtu mwenye njaa.

Baadaye niliajiriwa hapa Chemchem, kwenye ghala la asali la Mzee Nasoro. Nilichuja asali mpaka nikastaafu. Miezi kumi na minne ya mwisho hakunilipa mshahara. "Vumilia, Maganga," alikuwa akiniambia. "Nitakupa yote pamoja na kiinua mgongo." Hakuwa mtu mbaya. Wiki mbili baada ya kustaafu kwangu, akafariki.

Tulikwenda kumzika, Waislamu na Wakristo. Kaburi lilipokwisha kufukiwa, mwanawe mkubwa, Idi, akasimama kama ilivyo desturi. "Anayemdai baba yetu aseme, tumtue marehemu mzigo."

Kulwa, mwenzangu wa ghalani, akanipiga kiwiko. "Sema, wewe! Au unangoja afufuke?"

"Mbele ya watu wote hawa? Udongo bado mbichi."

"Haya, kaa na adabu zako. Jioni uziunge, ule."

Yeye akanyoosha mkono, akadai miezi yake mitatu. Watu wakaguna. Kesho yake akalipwa.

Mimi nilingoja arobaini ipite, ndipo nikabisha hodi. Idi akaniamkia shikamoo vizuri, akaniletea kahawa, kisha akasema, "Mzee wangu, niliuliza, ukanyamaza. Mirathi tumeshagawana." Nikaishukuru kahawa, nikarudi nyumbani. Fikiria, mwanangu: nilishukuru!

Nilisita miezi mingi kabla ya kufungua shauri la kazi. Barua ya madai, ukurasa mmoja, niliiandika siku nne, maana mkono wangu ni mzito. Mbele ya hakimu, wakili wa Idi aliniuliza mawili tu.

"Makaburini ulikuwepo?"

"Nilikuwepo."

"Ulidai?"

Nikajibu kuwa sikudai. Hakimu akaniuliza kwa upole kwa nini nimechelewa. Nikasema niliona haya. Akaandika, kisha akasema muda wa kudai umepita, na haya si sababu inayotambuliwa na sheria. Shauri likatupwa.

Mke wangu hakunilaumu, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Vidonge vyake vya kisukari anavikata nusu nusu vifike mwisho wa mwezi. Fedha ile ndiyo iliyokuwa uzee wetu, na uzee mwingine hatuna.

Mwanangu, dawa ya deni ni kulipa, lakini nani hulipa deni asilokumbushwa? Mshahara ukipita mwezi mmoja, uliza. Ukipita wa pili, andika, hata kama mwandiko wako ni mbaya, nakala ubaki nayo. Sauti ikitetemeka, iache itetemeke. Nilidhani kunyamaza ni heshima. Kumbe nilikuwa naogopa kutazamwa tu, na waliokuwa wakinitazama siku ile hakuna hata mmoja anayenikumbuka leo.

Mungu akujalie tajiri mwaminifu. Akikunyima huyo, akujalie kusema mapema, na macho yako yasiuone uzee kama huu wangu. Amina.