Kamba ya Nne ya Papa Numbi

Vijana wa pikipiki pale karibu na stesheni wakiniona napita, mmoja wao hunyosha kidole gumba na kupiga hewa, duuung!, wenzake wanacheka mpaka wanaangukia usukani, na mimi naendelea na safari yangu kana kwamba sikuona, kwa maana nitawaambia nini? Wana haki. Nililolifanya kiangazi kilichopita nililifanya mchana kweupe, mbele ya parokia nzima, maikrofoni ikiwa wazi na redio ikirusha moja kwa moja, kwa hiyo hata aliyekuwa nyumbani kwake akipukuchua mahindi alilisikia. Naona aibu kulieleza, lakini naona aibu zaidi kulisikia likielezwa na wengine, kila mtu akiongeza chumvi yake. Basi nalieleza mwenyewe, kwa mpangilio.

Mimi ni mtangazaji wa redio yetu ndogo hapa Kamina, mji wa reli huku Katanga, Kongo. Kila Jumamosi nina kipindi cha muziki, na ingawa watu wengi wanapenda waimbaji au wapiga gitaa la solo, sikio langu tangu utoto linakwenda chini, kwenye besi (mama yangu alikuwa akisema nilizaliwa nikiwa nimelalia ngoma). Katika kipindi hicho nilikuwa nawauliza wasikilizaji: mpiga besi wako ni nani, na yeye alimsikiliza nani? Simu zilikuwa hazikatiki. Mmoja anamtetea Banza wa baa ya karibu na stesheni, mwingine anasema Banza ni nani mbele ya Kabamba wa kwaya ya parokia, wa tatu anapiga kutoka Luena kuwatukana wote wawili kwa heshima. Na mimi nilifuatilia kama mwandishi wa habari anavyofuatilia: Kabamba alimwiga Banza, Banza alijifunza kwa kaka yake mkubwa aliyefia Kaniama, yule kaka alijifunza kwa kusimama nje ya dirisha la ukumbi wa reli. Ukirudi nyuma hivyo, kila mara unafika kwa mtu yuleyule, Papa Numbi, fundi mstaafu wa reli, aliyepiga besi katika orkesta ya wafanyakazi enzi zile orkesta ilipokuwa inapanda treni kwenda kuchezesha watu.

Na ilikuwa rahisi kujua nani ametoka kwa Papa Numbi, kwa sababu wote walikuwa na shimo. Sebene, ile sehemu ya wimbo ya kuchezea dansi, inapochanganya, pale ambapo mpiga besi wa Lubumbashi anadondosha noti nene ya kwanza, wa kwetu ananyamaza. Ngoma inaanguka peke yake, patupu, halafu besi inaingia juu kidogo, kama mtu aliyechelewa sherehe akaingia akicheka. Wachezaji wa Kamina wanaijua nafasi hiyo miguuni: kwenye shimo ndipo unapokunja goti. Akija mpiga besi mgeni akaingiza noti pale, watu wanamgeukia kama mtu aliyeongea katikati ya sala.

Sasa mimi, kwa mdomo wangu wa redio, nililihubiri shimo hilo. Nilisema Papa Numbi alikuwa amewaza, alikuwa amechagua ukimya, alitufundisha kwamba besi kubwa ni ile isiyopigwa. (Nilisema maneno hayo kwa sauti nzito, na nilijipenda nikiyasema.) Papa Numbi alikuwa anasikiliza kipindi nyumbani kwake, hakuwahi kunipinga. Nilipokuwa namtembelea, gitaa lilikuwa ukutani ndani ya mfuko wa kitambaa alioushona mke wake, Mama Ngoie, naye alikuwa analionyesha kwa kidevu na kusema, "Mukewenzangu huyo. Tunalalaka naye chumba kimoja."

Nilipompendekezea Papa Numbi kwamba tumfanyie sherehe, apige mbele ya wote waliotoka mikononi mwake, alikataa, akakataa tena. Kilichombadilisha ni Mama Ngoie. Katika ujana wao, mwanamke wa Kanisa aliyeheshimiwa hakwenda kwenye baa wala kwenye ukumbi wa dansi, akabaki nyumbani na watoto huku mume akitoka na gitaa na kurudi alfajiri, na hivyo katika ndoa yao yote hakuwahi kumwona jukwaani hata mara moja. Na vidole vya mzee vilikuwa vimeanza kukakamaa.

"Bon, mi nakubali," aliniambia. "Mais ni juu ya mama. Nataka aone kwenye nilikuwaka naenda."

Padri alitupa ua wa parokia, Jumapili baada ya misa. Asubuhi hiyo, wazee wakiwa bado kanisani, nilipitia nyumbani kwao kuchukua gitaa nilipeleke likajaribiwe na ampli. Nikalivua ule mfuko kwa mara ya kwanza, na nikaona lina kamba tatu. Ile ya nne, ile nene ya juu, haikuwepo. Ufunguo wake wa kukazia ulikuwa mtupu, umepata kutu. Nikafikiri, aibu gani hii, mzee atapanda jukwaani na gitaa pungufu, na watu watasema redio imeshindwa hata kumtafutia kamba? Kabamba alikuwa na kamba mpya zilizomfikia kwa treni kutoka Lubumbashi. Nikaomba ile nene. Nikaifunga mwenyewe, nyuma ya sakristia, nikipiga mluzi. Ilipokazwa, shingo ya gitaa ikajipinda kidogo na zile kamba nyingine zikalegea, basi nikazirekebisha zote kwa kufuata simu yangu, zikakaa sawasawa kama gitaa lolote duniani. Nilitaka iwe zawadi ya kushtukiza. Sikumuuliza mtu. Mimi, ambaye nalishwa na kuuliza, sikuuliza.

Mchana ua ulijaa. Mstari wa mbele walikaa wapiga besi wote wa mji, Banza na miwani yake ya jua, Kabamba bado na joho la kwaya, na katikati, karibu na padri, Mama Ngoie katika vitenge vipya, mikono imekaa mapajani kama mwanafunzi siku ya kwanza ya shule. Papa Numbi alipanda na shati jeupe. Alivaa gitaa bila kuliangalia, kama unavyovaa koti lako mwenyewe, akamtafuta mke wake kwa macho, akampata, akatikisa kichwa kwa mpiga ngoma.

Ngoma ikaanza, solo ikaingia, watu wakasimama. Ikafika ile nafasi. Ua mzima ukakunja goti, na kidole gumba cha Papa Numbi, ambacho kilikuwa kimezoea kushuka pale pasipo na kitu, kikashuka kwenye kamba yangu.

Duuung.

Noti nene, ya uongo, iliyotoka kwenye spika kubwa na kutikisa madirisha ya kanisa. Watu wakabaki na magoti yamekunjwa. Wengine walidhani ni utani wa mzee. Mzunguko wa pili, duuung tena, na sasa mkono wa kushoto nao ukawa unatafuta noti zake na kukuta nyingine, kwa sababu (hili sikulijua) alikuwa na namna yake ya kukaza kamba zile tatu, namna ambayo si ya simu yangu. Papa Numbi akaacha kupiga. Akaliangalia gitaa kama mtu aliyefungua mlango wa nyumba yake na kukuta watu asiowajua wamekaa mezani.

Mtu akapaza sauti kutoka nyuma: "Papa, ile iko besi ao iko ng'ombe ya Kaniama?"

Wakacheka. Papa Numbi akauliza, "Nani alitia hii kamba hapa?"

Hapo ningeweza kunyamaza. Lakini mimi nilipanda jukwaani mbio na maikrofoni mkononi, nikatangaza kwa furaha, "Ni sisi, Papa! Ni zawadi ya redio!" na watu wakapiga makofi. Yeye alinijibu polepole, mimi peke yangu, kama baba anavyomwambia mtoto jambo la nyumbani. Tatizo ni kwamba maikrofoni ilikuwa katikati yetu.

"Mwana, hii kamba ilikatikaka ku Luena, zamani sana. Sikupataka ingine. Nilitia kamba ya freni ya baisikeli, ikanikata vidole. Njo nilijifunza kupiga bila yeye. Mi sijue kupiga na yeye."

Banza akavua miwani.

"Papa, pardon. Na shimo? Ile shimo yetu?"

"Shimo ni kamba haikukuwa, mwanangu."

"Basi siye bote tulikuwa tunaiga kamba yenye kukatika?"

Sijui nani alianza kucheka, lakini kicheko kile kilizunguka ua mzima, na padri mwenyewe alijificha nyuma ya kiganja. Wakamcheka Banza, wakajicheka wenyewe, wakanicheka mimi na mahubiri yangu yote ya Jumamosi, na mtu mmoja akaigiza sauti yangu nzito: "Alichagua ukimyaaa!" Mimi ningestahimili. Lakini kicheko hakichagui, na pale juu aliyesimama na gitaa alikuwa Papa Numbi.

Ningepaswa kuyakata matangazo hapo. Badala yake nikasema hewani, "Msiondoke, wapenzi wasikilizaji, tunaitoa sasa hivi," nikaazima koleo kwa mtu wa jenereta. Ule ufunguo wenye kutu ukakataa, nikatumia nguvu, ukavunjika na kipande cha mbao. Kamba nene ikaruka kama nyoka, shingo ikajinyoosha, na moja ya zile tatu za zamani, ambazo mzee alizitunza kuliko meno yake, ikakatika. Zikabaki mbili. Kabamba, kwa moyo mwema, akapanda na gitaa lake jipya na kumpa. Papa Numbi akazihesabu kamba kwa kidole.

"Hii iko na tano," akasema. "Mi najuaka tatu."

Watu wakacheka zaidi, wakamshangilia, wakadhani mzee ni mchekeshaji. Mimi nilikuwa karibu naye, nikaona yeye hacheki. Akalirudisha gitaa la Kabamba kwa mikono miwili, akashuka ngazi taratibu, akaenda kusimama mbele ya mke wake.

Mama Ngoie akainuka, akajifunga kitenge vizuri. "Leza wami," akasema, akimwita Mungu wake kwa Kiluba. "Twende, baba." Walipopita karibu nami, akasimama kidogo.

"Mwana, mi nilitaka tu kusikia vile anapigaka. Hata kama haikuwa muzuri. Nilitaka ile yake."

Hakusema kwa hasira.

Nilikwenda kwao wiki iliyofuata. Walinipokea, wakanipa kiti, tukaongea habari za mahindi na bei ya muhogo. Ukutani msumari ulikuwa mtupu. Nikasema nimepata fundi anayeweza kutengeneza ule ufunguo, na kamba tatu mpya, zile nyembamba tu. Papa Numbi alitazama mikono yake, akasema vidole vimekataa, kisha akaniuliza kama kisima cha kwetu bado kina maji.

Nilidhani aibu imeishia hapo. Kumbe ilikuwa bado inatembea. Mwezi uliofuata niliingia kwenye baa ya Banza. Sebene ikachanganya, watu wakakunja goti, na Banza akadondosha noti ya kwanza, nene, sahihi, safi kama ya Lubumbashi. Jumapili nikaenda misani, Kabamba naye vilevile. Nikaanza kuzunguka mji nikisikiliza, harusi, matanga, mazoezi ya vijana, na kila mahali shimo lilikuwa limezibwa. Hakuna aliyewaagiza. Kila mmoja kwa wakati wake aliona haya, akalijaza. Na wachezaji, siku baada ya siku, waliacha kukunja goti, kwa kuwa hapakuwa tena na mahali pa kulikunjia.

Banza alikuja mezani kwangu akiwa na furaha ya kweli, akanishika mkono.

"Kubwa, merci mingi. Bila weye tungeendelea na ile makosa mpaka kufa. Bantu ya Lubumbashi balikuwa banatucheka."

"Haikuwa makosa," nikamwambia.

"Mais Papa mwenyewe alisema ni kamba haikukuwa!"

Nilitaka kumwambia kwamba kamba ilikatika mara moja tu, siku moja, lakini ukimya ule mzee aliupiga miaka yote iliyofuata, usiku kwa usiku, mpaka ukawa wake, na kaka yake Banza akausikia kupitia dirisha na kuupenda bila kujua umetoka wapi, na hiyo ndiyo maana ya kumfunza mtu muziki. Lakini sauti yangu ile nzito sikuiamini tena. Nikamwambia amepiga vizuri.

Basi nimeapa, na nawaambia mnaonisikia: sitagusa tena chombo cha mtu bila kumuuliza, hata nikikiona kimepungukiwa, hasa nikikiona kimepungukiwa. Kiapo ni kizuri ila kimechelewa. Nimetafuta kanda za ile orkesta ya reli Luena na Kaniama, niliulizia mpaka Mulongo, ili walau nimpelekee Mama Ngoie, hakuna aliyezitunza. Redioni kwetu tunayo rekodi moja tu ya Papa Numbi akipiga besi, nayo ni ya mchana ule. Kila Jumamosi kuna msikilizaji anayepiga simu kuiomba, ili acheke. Sijaifuta, kwa kuwa ni yote tuliyo nayo ya mkono wake. Sitaipiga, kwa kuwa najua nani na nani wamekaa mbele ya redio yao, wakisikiliza.