Homa Niliyomzulia Mama Mkwe

Sogea, mwanangu, na usiinamishe uso. Nitataja mwili wa mwanamke kwa maneno yanayoeleweka, maana zamani niliona haya kuyatamka, na haya yangu nusura imponze mtu niliyempenda.

Nakumbuka asubuhi moja, enzi za utawala wa wanajeshi, tukiishi Luzira kwenye nyumba za askari magereza. Mama mkwe alikuwa amekuja kutoka Arua kunisaidia kulea mtoto wangu wa kwanza, na mwezi wake wa tatu kwetu ulikuwa unakwisha. Kila baba mkwe alipotuma ujumbe arudi, mama alipata sababu. Mtoto anakohoa. Njia si salama. Hiyo ya njia ilikuwa kweli, lakini yeye hakuwa mtu wa kuogopa njia. Hakutulia. Akikaa anainuka, anakwenda chooni, akirudi anasimama dirishani.

Asubuhi hiyo nilimkuta nyuma ya nyumba akifua kanga, nikaona doa la damu. Alikuwa amekoma hedhi miaka sita kabla ya hapo.

"Usimwambie mwanangu, mumeo," akasema. Kisha akanieleza kwamba anawashwa, amekauka, akikojoa panachoma, na mara ya mwisho alipolala na mumewe alihisi kama anakatwa kwa wembe. Ndiyo maana harudi. "Atasema nimepata mwingine huku."

Mwanangu, shangazi zetu walitufundisha mwili wa msichana na wa mzazi, mafunzo yao yakaishia hapo. Nikadhani ni uchafu. Siku zile sabuni haikuonekana madukani. Mume wangu alikuwa amepata mche mmoja wa mgao, nikamkatia mama nusu nzima ajisafishe mpaka ndani. Nikajiona mkaza mwana mwema. Baada ya siku mbili hakuweza hata kukaa.

Tukaondoka kwenda hospitali mjini. Kwenye kizuizi cha barabarani mwanajeshi kijana akatusimamisha.

"Nyinyi mama nakwenda wapi?"

"Hospitali, afande."

"Nani gonjwa? Gonjwa ya nini?"

Nyuma yetu wanaume walikuwa wamepanga foleni. Ulimi ukanishinda. "Malaria," nikasema.

Uongo ule ulitupitisha. Lakini sikuuacha pale kizuizini. Daktari alikuwa mwanamume, umri wa mume wangu. Alipouliza tatizo, mama akanitazama, nami nikarudia: malaria. Tukarudi na vidonge vichungu vya homa, na mama akavimeza mbele yangu, kwa heshima tu. Damu ikaja tena. Sikupata raha, nikijua naweza kumzika mama wa watu kwa homa asiyokuwa nayo.

Nikamwendea jirani yetu, mkunga mzee tuliyemwita Nnalongo kwa kuwa alizaa mapacha. Alinisikiliza huku akimenya ndizi za matoke.

"Nyabo," akasema, kama wanavyomwita mwanamke kwa heshima, "umemdanganya askari, sawa, yule ana bunduki. Daktari alikuwa na nini?"

Akanawa mikono, akafunga vazi lake la gomesi, tukaenda sote watatu. Kizuizini alikuwa yule yule kijana.

"Mama, homa bado?"

Nikatazama chini. Mama mkwe ndiye aliyejibu. "Si homa, mwanangu. Natoka damu ukeni, na nilishakoma hedhi."

Kijana akaangalia buti zake. "Pita, mama."

Kwa daktari, mama akasita kupanda kitandani. Nnalongo akamshika mkono. "Mficha uchi hazai."

"Mimi nilishamaliza kuzaa."

"Basi mficha uchi haponi. Panda."

Daktari akampima, akatueleza polepole. Hedhi ikikoma, homoni inayolainisha uke hupungua; ngozi ya ndani huwa nyembamba na kavu, huchanika upesi. Si uchafu, si uzinzi, si kurogwa. Sabuni yangu iliizidishia moto tu. Alitazama na mlango wa kizazi, akachukua na kipimo cha kizazi chenyewe, kwa sababu damu ya wakati huo huweza pia kuwa saratani, na jambo hilo halikisiwi nyumbani. Majibu yalipokuja, yake haikuwa. Akampa krimu ya homoni ya kupaka ukeni, na baada ya wiki kadhaa nilimwona mama akikaa kula mpaka sahani ikaisha. Kisha akafunga mizigo yake mwenyewe.

Siku yako itafika, mwanangu, kama yangu ilivyofika. Uzee si ugonjwa wa kuvumilia. Osha nje kwa maji, ndani usiingize sabuni. Ukavu una vilainishi, una krimu na vidonge vya kuweka ukeni. Mwulize daktari kipi kinakufaa. Mungu akupe miaka mingi, na ulimi usiokushinda ndani yake. Na ukiona damu, hata tone moja, baada ya mwaka mzima bila hedhi, nenda hospitali wiki hiyo hiyo, useme kama alivyosema mama: "Natoka damu ukeni, na nilishakoma hedhi."